Masha Bruskina hakuwa "msichana asiyejulikana"

Maiti ikiletwa mochwari bila kitambulisho, karani huifunga kikaratasi kwenye kidole cha mguu na kuandika neno moja: hajulikani. Neno lenyewe halina ubaya. Ni nafasi iliyoachwa wazi tu. Kesho ndugu akija, akafunuliwa shuka, akalia, akataja jina, lile neno hukatwa kwa kalamu na jina la mtu huandikwa juu yake.

Mjini Minsk, huko Belarus, ndugu walikuja. Baba mzazi aliitazama picha akasema huyu ni binti yangu. Watu waliosoma naye wakasema tunamjua, tulikaa naye darasani. Jamaa mmoja wa upande wa mama naye akamtambua, tena mtu mzito, mchongaji sanamu aliyeheshimiwa na Serikali. Karani akawasikiliza wote, kisha akaacha "hajulikani" ikae palepale kwa miaka mingine 41.

Karani ninayemsema ni dola nzima ya Kisovieti, iliyokuwa na Belarus ndani yake: makumbusho yake, chama chake, wanahistoria wake. Na maiti ni ya Masha Bruskina, msichana wa Kiyahudi wa miaka 17, aliyenyongwa hadharani Jumapili ya tarehe 26 Oktoba 1941 mbele ya kiwanda cha hamira. Ukiwahi kusoma chochote chenye picha kuhusu Vita vya Pili vya Dunia, huenda umemwona. Yuko katikati, ameongozana na wanaume wawili, mmoja kijana mdogo mwenye kofia na mwingine mtu mzima mwenye ndevu. Kifuani amevalishwa bango kubwa lenye maandishi ya Kijerumani na Kirusi. Askari wamewazunguka. Nimeitazama picha hiyo mara nyingi, na kila mara kinachonishangaza ni kwamba yeye ndiye anayeonekana mtulivu kuliko wote waliomo, hata wenye bunduki.

Tuanzie nyuma kidogo. Masha alizaliwa Minsk mwaka 1924. Alilelewa na mama yake, Lucia Bugakova, aliyefanya kazi katika ofisi ya biashara ya vitabu, na shuleni alikuwa miongoni mwa wale wa mbele. Desemba 1938 gazeti moja la huko lilitoa picha yake, na jina lake chini ya picha, likimsifu kwa alama zake nzuri. Lishike hilo, maana tutalirudia: dola iliyokuja kusema haimjui iliwahi kumpiga picha na kuandika jina lake kwa wino ikijisifia yeye.

Alimaliza sekondari Juni 1941. Tarehe 22 ya mwezi huohuo Ujerumani ya Hitler ikauvamia Muungano wa Kisovieti, na tarehe 28 Minsk ikawa mikononi mwa Wajerumani. Wahitimu wa mwaka ule hawakupata hata nafasi ya kuulizana nani anaenda chuo gani. Julai ikatoka amri kwamba Wayahudi wote wa mji wahamie katika mitaa michache iliyotengwa, yaani geto, ambamo baadaye walisongamana watu wapatao 80,000 au zaidi. Kila mmoja alishonewa kiraka cha njano cha mviringo, kimoja kifuani na kimoja mgongoni, ili hata anayekuja nyuma yako ajue. Masha na mama yake wakaingia humo.

Masha hakukaa. Alipaka nywele dawa zikageuka rangi, akaacha jina la Bruskina na kutumia la mama yake, akatoka getoni bila kiraka. Akaenda kujitolea kama muuguzi katika hospitali iliyofunguliwa kwenye majengo ya Chuo cha Ufundi cha Minsk. Waliolazwa pale walikuwa askari wa Jeshi Jekundu, yaani jeshi la Kisovieti, waliojeruhiwa na kutekwa.

Hapa inabidi msomaji aelewe hospitali ile ilikuwaje, vinginevyo kazi ya Masha itaonekana ndogo. Kwa kawaida mgonjwa huombea apone. Pale, kupona ndiko kulikotisha, kwa sababu aliyepona alipelekwa kambi ya mateka, na kambi za mateka wa Kisovieti mwaka ule hazikuwa kambi kwa maana tunayoijua. Yalikuwa viwanja vya waya wa miba ambamo watu waliachwa wafe kwa njaa na baridi. Kati ya askari wa Kisovieti milioni 5.7 hivi waliotekwa katika vita ile nzima, zaidi ya milioni 3 walifia mikononi mwa Wajerumani. Kwa hiyo muuguzi aliyemsaidia majeruhi kusimama kwa miguu yake alikuwa na kazi nyingine iliyomsubiri, nayo ni kumtoa nje kabla gari la kambini halijafika.

Na kumtoa mtu nje kulihitaji vitu. Askari aliyevaa gwanda hawezi kuvuka kizuizi, kwa hiyo zinatakiwa suruali, shati na koti la kiraia. Hawezi kuvuka bila karatasi, kwa hiyo kinatakiwa kitambulisho bandia. Kitambulisho kinahitaji picha, na picha inahitaji kamera, ilhali wakati huo raia wa Minsk aliyekutwa na kamera adhabu yake ilikuwa kifo. Masha ndiye aliyeingiza nguo, dawa na vifaa vya kupigia picha, kidogo kidogo, akipita mlangoni na tabasamu la muuguzi. Alifanya kazi na kikundi kilichojengwa karibu na mama mmoja, Olga Shcherbatsevich, na mwanawe Volodia, aliyekuwa na miaka 16. Mwanamume mwenye ndevu katika picha ni Kiryl Trus, mfanyakazi wa kiwandani, naye wa kundi hilohilo. Wanajeshi walitolewa, wakafichwa majumbani, wakaelekezwa kule mstari wa mbele ulikokuwa, mbali mashariki.

Aliyewauza alikuwa mmoja wa hao waliokuwa wakisaidiwa, mateka aliyeitwa Boris Rudzyansky. Baada ya vita mahakama ya Kisovieti ilimtia hatiani kwa usaliti. Sina la kuongeza juu yake. Kikulacho ki nguoni mwako, na kila vita ina watu wa namna hiyo. Masha alikamatwa tarehe 14 Oktoba 1941.

Tarehe 20 alimwandikia mama yake barua kutoka gerezani. Ni barua fupi, na kwa maoni yangu ndiyo ushahidi mkubwa kuliko wote tulio nao juu ya msichana huyu alikuwa mtu wa aina gani. Anaanza kwa kusema kinachomtesa ni wazo kwamba amemtia mama wasiwasi. Anamwambia asihangaike, hakuna baya lililompata, na anaapa kwamba mama hatapata tena taabu kwa sababu yake. Kisha anaomba, ikiwezekana, aletewe gauni lake, blauzi yake ya kijani na soksi nyeupe. Anataka atoke mle akiwa amevaa vizuri.

Soma tena hiyo "hatapata tena taabu kwa sababu yake". Mtoto wa miaka 17 anayeandika hivyo anajua anakokwenda. Hakutaja mateso wala woga, na majina ya wenzake hayamo. Ametaja soksi. Mama yeyote aliyewahi kulea binti anajua namna binti anavyoweza kuzungumzia nguo ili asizungumzie jambo lenyewe.

Sasa tuje kwenye bango lile kifuani. Liliandikwa: sisi ni wapiganaji wa msituni na tumewapiga risasi askari wa Kijerumani. Ni uongo mtupu. Masha hakumpiga mtu risasi. Kosa lake lilikuwa mashati, dawa na kamera. Lakini Wajerumani wasingeweza kuandika ukweli, kwa sababu ukweli ungesomeka hivi: tunamnyonga msichana huyu kwa kuwauguza majeruhi na kuwavika. Watu wa Minsk waliopangwa kando ya barabara kutazama wangeusoma kwa namna nyingine kabisa. Ndiyo maana nasema bango lile lilikuwa la lazima kwao kama kamba yenyewe. Siku ile walinyongwa watu 12, katika sehemu mbalimbali za mji, ili kila mtaa upate wa kuwatazama. Olga alinyongwa sehemu moja, mwanawe sehemu nyingine. Miili iliachwa ikining'inia siku tatu.

Picha nazo zilipigwa na mtu wa upande wa wauaji. Kazi ile ilifanywa na askari wa Divisheni ya 707 ya jeshi la Ujerumani wakishirikiana na kikosi cha Walithuania waliojiunga nao, na aliyeshika kamera alitoka katika kikosi hicho. Hili tunalisahau tukiangalia picha za Maangamizi ya Wayahudi. Nyingi tunazozijua zilipigwa kama mwindaji anavyopiga picha na mnyama wake. Sisi tunaotazama leo tumesimama mahali alipokuwa amesimama yule askari, tunaona alichotaka kukiona, na kama si watu wengine kuingilia tungekubali pia maelezo yake.

Watu hao wengine walikuwepo. Filamu ilipopelekwa studio ya mjini Minsk kusafishwa, fundi mmoja pale, Alexei Kozlovsky, alikuwa na mazoea ya siri. Kila Wajerumani walipoleta picha za namna ile alichapa nakala ya ziada na kuificha. Alijua akikutwa atakwenda kusimama palepale waliposimama waliomo kwenye picha. Mji ulipokombolewa Julai 1944, nakala zake zikatoka. Bila yeye nisingekuwa na makala. Na mimi namhesabu Kozlovsky katika upinzani uleule wa Masha. Wote wawili silaha yao ilikuwa kamera, mmoja akiiingiza na mwingine akiiibia.

Basi picha zikapatikana, zikaingia katika makumbusho ya vita ya Minsk, zikachapwa vitabuni. Kijana akatambuliwa: Volodia Shcherbatsevich. Mzee akatambuliwa: Kiryl Trus. Wa katikati akaandikwa "msichana asiyejulikana".

Mtu anaweza kusema, vita ni vita, watu milioni 27 wa Kisovieti walikufa, nani angeweza kuwajua wote? Ni hoja ya haki, na ningeikubali kama kusingekuwa na Zoya.

Zoya Kosmodemyanskaya, msichana wa Kirusi wa miaka 18, alinyongwa na Wajerumani katika kijiji cha Petrishchevo karibu na Moscow tarehe 29 Novemba 1941, mwezi mmoja na siku tatu baada ya Masha. Naye alivalishwa bango. Naye alipigwa picha. Tena Zoya aliwaambia waliomtesa kwamba anaitwa Tanya, kwa hiyo jina lake halisi lilikuwa limefichika kweli, na aliyelificha ni yeye mwenyewe. Januari 1942 gazeti la Pravda likaandika habari za "Tanya". Ikaundwa tume. Kaburi likafukuliwa, mama yake na waliosoma naye wakaitwa kumtambua, na Februari tarehe 16 akatangazwa Shujaa wa Muungano wa Kisovieti, mwanamke wa kwanza kupewa cheo hicho katika vita ile. Kuanzia kunyongwa hadi kutambuliwa rasmi hazikupita siku 80. Kukawa na mitaa, shule na sanamu zenye jina la Zoya kutoka mpaka mmoja wa nchi hadi mwingine. Alistahili, sina ugomvi na heshima yake.

Ninachosema ni kwamba dola ile ilijua kutafuta jina ilipotaka. Kwa Zoya ilifukua kaburi. Kwa Masha ilikuwa na picha safi ya uso wake, mji mzima wa watu waliosoma naye, baba aliye hai, na kumbukumbu za gazeti la mwaka 1938. Kazi ya kumtambua haikuhitaji jembe. Ilihitaji mtu aulize.

Walioulizia hatimaye walikuwa waandishi wa habari, katika miaka ya 1960. Mjini Minsk, Vladimir Freidin aliandika juu ya watatu wale. Moscow, mwandishi wa filamu Lev Arkadyev na mtangazaji wa redio Ada Dikhtyar walianza kukusanya ushahidi, mtu kwa mtu. Jamaa aliyemtambua, yule niliyemtaja mwanzoni, alikuwa Zair Azgur. Huyu Azgur alichonga vichwa vya Lenin na Stalin kwa wingi usiohesabika, na karakana yake iliyogeuzwa makumbusho bado imejaa nyuso za wakubwa wa chama zikikutazama kutoka kwenye rafu. Mtu aliyekabidhiwa na dola sura za watakatifu wake wote akasema: na huyu msichana ni wa kwetu. Haikumsaidia. Mwaka 1968 habari ikachapwa magazetini, jina la Masha Bruskina likatoka kwa mara ya kwanza, na viongozi wa Minsk wakajibu kwamba ushahidi hautoshi.

Kwa nini? Hapa ndipo penye kiini cha yote, na jibu moja halitoshi.

La kwanza ni mwaka wenyewe. Juni 1967 Israel ilipigana na majirani zake, Moscow ikavunja uhusiano nayo, na tangu hapo magazeti ya Kisovieti yakawa yanapiga ngoma kila siku dhidi ya "Uzayuni", yaani harakati za Wayahudi kuwa na nchi yao. Katika hali hiyo, kumvumbua shujaa wa Kiyahudi katikati ya mji, tena kwenye picha iliyokwisha kuwa mfano wa ushujaa wa Kibelarusi, ni jambo ambalo hakukuwa na mwenyekiti wa chama aliyetaka kuliwekea saini.

Lakini ukichimba zaidi, tatizo lilianza kabla ya 1967. Minsk yenyewe ina shimo linaloitwa Yama, ambapo tarehe 2 Machi 1942 Wayahudi wapatao 5,000 wa geto waliuawa. Baada ya vita Wayahudi walionusurika wakasimamisha pale nguzo ya kumbukumbu, na wakaandika juu yake kwa Kiyidi, lugha ya waliozikwa, kwamba waliouawa ni Wayahudi. Katika nchi ile lilikuwa jambo la nadra mno. Kwingineko mashimo ya namna hiyo yaliandikwa "raia wa amani wa Kisovieti". Mshairi Haim Maltinsky, aliyetunga maneno ya nguzo ile, aliishia kukamatwa na kufungwa. Utaratibu, basi, ulikuwa umekwisha kupangwa: Myahudi aliyeuawa ni raia wa Kisovieti, na Myahudi aliyepigana ni mzalendo wa Kisovieti. Neno lenyewe la "Myahudi" halikuwa na mahali pa kukaa katika sentensi.

Watetezi wa utaratibu huo walikuwa na hoja, na sitaki kuipita kana kwamba haipo. Belarus ilipoteza takriban robo ya watu wake katika vita ile. Vijiji vilichomwa na watu wake ndani. Wakasema: tusigawane wafu, tusianze kuhesabu huyu kabila gani na yule dini gani, maana damu ni moja. Kwa sisi tunaotoka nchi zilizojengwa juu ya kukataa ukabila, maneno hayo yanaingia sikioni vizuri sana. Mimi mwenyewe yangenichukua.

Yananishinda nikimkumbuka Masha anavyopaka nywele dawa. Olga Shcherbatsevich hakuhitaji kupaka nywele. Volodia hakuhitaji kubadili jina la ukoo. Wao walipoanza kuwatoa mateka hospitalini walijiingiza katika hatari kwa jambo walilolitenda, na kwa hiyo nawavulia kofia. Masha alikuwa amekwisha kuhukumiwa kabla hajatenda lolote, kwa kuzaliwa kwake tu. Kila asubuhi alipovuka ule mlango alikuwa na vifo viwili mkononi. Ukifuta neno "Myahudi" katika habari zake, unachobaki nacho ni habari ya mtu mwingine, mwenye ujasiri mdogo zaidi. Waliogawa watu kabila kwa kabila ni wale walioshona viraka vya njano. Kutaja alichofanyiwa hakumgawi mtu na wenzake.

Sisemi hivyo kumnyang'anya Usovieti wake. Alikulia katika shule za Kisovieti, akaimba nyimbo zao, na aliowaokoa walikuwa askari wa jeshi lao. Nadhani angemshangaa yeyote ambaye angemwambia achague. Binti wa Kiyahudi wa Minsk mwaka 1941 aliweza kuwa vyote viwili bila kujikwaa. Waliojikwaa ni watu wa ofisini waliokuja baadaye.

Upande mwingine kuna watu ambao nao walimhitaji Masha asiwepo. Tangu vita viishe kumekuwa na usemi kwamba Wayahudi walikwenda kama kondoo machinjioni. Usemi huo una historia ya ajabu, kwa sababu ulioufanya ujulikane ni mwito wa Wayahudi wenyewe: usiku wa mwisho wa mwaka 1941, katika geto la Vilnius, Abba Kovner aliwasomea vijana wenzake tangazo akiwahimiza wasikubali kwenda hivyo. Kilichokuwa himizo la kupigana kikageuzwa na watu waliokaa salama kuwa tusi kwa waliokufa. Na wanaolirudia huwa na picha ya mpiganaji kichwani mwao: mwanamume, bunduki, msitu.

Picha hiyo inawaacha nje wasichana, nao ndio waliobeba sehemu kubwa ya mzigo. Sababu yake ni ya kimwili. Mwanamume wa Kiyahudi ametahiriwa, na katika Ulaya ya Mashariki ya wakati ule askari alihitaji tu kumwamuru avue suruali. Mwanamke hakuwa na alama. Kwa hiyo aliyeweza kusafiri kwa treni kati ya Warsaw, Vilnius na Białystok akiwa na barua, fedha au bastola chini ya viazi alikuwa mara nyingi msichana, kama Tosia Altman au Haika Grossman. Ndani ya kambi ya mauaji ya Auschwitz kwenyewe, baruti iliyotumika katika uasi wa tarehe 7 Oktoba 1944 ilitolewa na wasichana waliofanya kazi katika kiwanda cha silaha, chembe kwa chembe ndani ya vitambaa na mikunjo ya nguo, ikapitia kwa Roza Robota hadi kwa wafungwa waliolazimishwa kuhudumia tanuri za kuchomea maiti. Tanuri moja iliharibiwa isitumike tena. Roza na wenzake watatu, Ala Gertner, Regina Safirsztajn na Ester Wajcblum, walinyongwa mbele ya wafungwa wenzao Januari 1945, wiki tatu hivi kabla Jeshi Jekundu halijafika.

Ukiwaweka pamoja na Masha utaona kitu kinachofanana: mashati, vitambaa, viazi, chupa za dawa. Vitu vya mikono ya wanawake. Nashawishika kwamba hiyo ni sehemu ya sababu upinzani wao ulichelewa kuhesabiwa. Mnara huchongwa mtu aliyeshika bunduki. Aliyeshika fundo la nguo hachongwi.

Kuna ukatili mwingine katika hesabu hii ya majina. Kamanda wa kikosi cha Walithuania walioshiriki kazi ile, Antanas Impulevičius, jina lake lilijulikana vizuri. Baada ya vita aliishi Philadelphia, Marekani. Mwaka 1962 mahakama ya Vilnius ilimhukumu kifo bila yeye kuwepo, na Marekani haikumrudisha. Alifia hukohuko mwaka 1970. Kwa hiyo kwa miaka kadhaa hali ilikuwa hivi: aliyenyonga ana jina, nyumba na sanduku la barua, na aliyenyongwa ni msichana asiyejulikana.

Mambo yalisogea polepole. Makumbusho ya Maangamizi ya Washington yalimpa Masha nishani ya upinzani mwaka 1997. Israel walimjengea kumbukumbu. Muungano wa Kisovieti wenyewe ulikwisha kuvunjika, Belarus ikawa nchi huru, na bado kibao cha pale kiwandani kiliendelea kuwa na majina mawili na maelezo kwamba jina la msichana halikubainishwa. Kilibadilishwa mwaka 2009. Sasa kinasema kwamba mahali hapa tarehe 26 Oktoba 1941 mafashisti waliwaua wazalendo wa Kisovieti K. I. Trus, V. I. Shcherbatsevich na M. B. Bruskina.

Nimelisoma hilo neno "wazalendo wa Kisovieti" na kucheka kidogo, kicheko kisicho cha furaha. Miaka 68 ya kusubiri, na karani ameandika jina kwa kalamu ileile.

Waliokuwepo siku ile wamesimulia jambo moja ambalo hakuna kibao kitakachoweza kulibeba. Masha ndiye aliyetangulia. Walipompandisha juu ya kigoda, aligeuka akatazama uzio wa kiwanda. Wauaji walitaka asimame akiwaelekea watu, kwa kuwa ndiyo sababu watu walikusanywa. Wakamsukuma, wakamgeuza kwa nguvu. Akarudi kutazama uzio. Wakamgeuza tena, naye akarudi tena, kimya, mpaka wakachoka. Wakampiga kigoda teke akiwa amewapa mgongo.